Hii Kashe Haikatwi

Riziki yangu inatoka kwenye matundu ya tablo, ule ubao wa mbele ya dereva. Mimi ni fundi umeme wa motoka hapa Lubumbashi, upande wa Kampemba, na wateja wangu wengi wana shida ileile: Toyota imetoka Japani, imeshukia Dar es Salaam, imevuka mpaka wa Kasumbalesa, kisha redio yake inagoma kwenye MHz 90, kwa sababu Wajapani walipanga FM yao ianze 76 iishie hapo. Stesheni nyingi za hapa ziko juu zaidi. Basi naing'oa, naweka skrini ya Kichina, mtu anaondoka huku vioo vinatetemeka kwa muziki. Leo nataka kuandika juu ya tablo niliyokataa kuikata, na kibati kidogo kilichonifanya nikatae.

Garajini tunakiita kashe. Ni kipande cha chuma kinachofunika mahali ambapo pangekaa redio, au saa, au kiwashio cha sigara, au vishikio vya hita, kama mnunuzi wa kwanza angelipia vitu hivyo. Hakulipia, kiwanda kikafunika. Motoka za Marekani za miaka ya 1950 na 1960 zimejaa kashe za namna hii, na ukitaka kujua mwenye motoka alikuwa mtu wa mfuko gani, usiangalie rangi wala magurudumu. Fungua mlango, hesabu kashe.

Mtu wa leo aliyezoea kununua Toyota yenye kila kitu ndani hawezi kuamini jinsi walivyokuwa wakiuza. Ford ilipotoa Mustang mwezi wa nne 1964, bei ya matangazo ilikuwa dola 2,368. Bei nzuri, watu walikimbilia. Lakini redio haikuwa ndani ya bei hiyo. Mnunuzi alikaa na muuzaji, wakafungua orodha ndefu, na kila mstari ulikuwa na pesa yake: redio, injini kubwa, giaboksi ya otomatiki, kipoza hewa. Hita ilikuja na Mustang, ila mtu wa sehemu za joto aliweza kuomba iondolewe apunguziwe. Miaka minne baadaye Plymouth wakatoa Road Runner, na hiyo ndiyo inayonichekesha zaidi: injini ya inchi za ujazo 383, nguvu za farasi 335, kwa dola 2,896, lakini sakafuni umewekewa mpira badala ya zulia. Kijana alinunua mwendo, si starehe. Redio? Ongeza pesa.

Kwa nini basi wasitengeneze tablo isiyo na tundu kabisa kwa yule asiyetaka redio? Wateja huniuliza hivyo, na jibu liko kwenye kiwanda. Tablo za wakati ule zilikuwa bati la chuma lililopigwa na mashini kubwa, na kile chuma cha kupigia, ile forma yenyewe, ni ghali kuliko bati elfu. Huwezi kuwa na forma ya mwenye redio, nyingine ya asiye na redio, nyingine ya mwenye saa bila redio. Fundi cherehani wa soko la Kenya (Kenya, komini ya hapa Lubumbashi, si nchi ile ya Nairobi) anakata kwa kipimo kimoja suruali za shule nzima, tofauti anaziweka mwishoni na sindano. Detroit, mji wa viwanda vya motoka Marekani, walifanya hivyohivyo. Tablo ni moja, matundu ni yaleyale, kisha kwenye mstari wa kuunganisha mtu anasoma karatasi ya motoka na kuweka redio au kuweka kashe.

Na muuzaji aliipenda kashe. Mteja akirudi baada ya miezi, mshahara umepanda, mke amelalamika, anafungua skrubu, anatoa kashe, anapachika redio. Hapo kashe inakwenda wapi? Kwenye pipa la taka. Ndiyo maana leo kipande kilichotengenezwa kwa senti chache kinatafutwa na watu wazima wenye pesa zao, na kuna karakana Marekani zinazotoa nakala zake mpya.

Sasa motoka yenyewe. Ni Chevrolet ya mwaka 1955, daraja la One-Fifty. Mwaka ule Chevrolet walikuwa na ngazi tatu: One-Fifty chini, Two-Ten katikati, Bel Air juu kabisa na nikeli zake zinazong'aa. Hii ni ya chini, tablo imepakwa rangi tu, na injini ni ya silinda sita. Mwenyewe ni muzee aliyestaafu reli, na anakaa mtaa wa Bel-Air. Kwa hiyo motoka si Bel Air lakini inalala Bel-Air, na utani huo kila mtu garajini ameshautoa, mimi nikiwa wa kwanza. Baba yake aliinunua kwa Mbelgiji aliyekuwa anarudi kwao miaka ile ya uhuru, mji bado unaitwa Elisabethville.

Alikuja na mjukuu wake, kijana wa chuo mwenye RAV4. Kijana ndiye aliyeanza:

"Ya Fundi, batu bananichekaka na hii motoka ya kambo. Hakuna hata redio. Kata tu apa, weka skrini ya inchi kumi."

Kwetu kambo ni babu, na Ya ni heshima kwa kaka mkubwa. Kijana alikuwa tayari ameweka kidole juu ya kashe. Nikamwomba atoe kidole kwanza. Nikamgeukia muzee, maana motoka ni yake.

"Papa, na weye unasema nini?"

"Mi nataka kusikia Okapi asubuhi," akasema. "Zamani baba yangu alikuwa anasema redio ya hii motoka njo yeye. Aliimba mpaka Likasi. Lakini mi sina sauti."

Basi hapo kuna maombi mawili tofauti. Muzee anataka Radio Okapi, stesheni ya habari ya Umoja wa Mataifa hapa Kongo. Kijana anataka skrini. La muzee linawezekana bila kugusa chochote, la kijana linahitaji mashini ya kukata chuma. Nikasema motoka hii haikatwi. Kijana akaniangalia kama mtu aliyekwenda kwa daktari akaambiwa hakuna sindano.

Nilichukua turnevis (bisibisi), nikafungua kashe taratibu ili nione nyuma yake. Huku mbele kromu imepigwa na miaka, ina vidonda vidogo vya mviringo, na kona moja imechubuka mpaka ndani. Kwenye mchubuko ule niliona kitu ambacho mtoto yeyote wa Katanga anakijua kwa rangi: wekundu wa shaba.

Hapa lazima nikae kidogo, nisameheni. Kashe nyingi za wakati ule si chuma cha kawaida. Ni zinki iliyoyeyushwa na kusukumwa ndani ya forma kwa nguvu, pamoja na alumini, magneziamu na shaba kidogo. Mchanganyiko huo unaitwa zamak, na ulitolewa na kampuni ya New Jersey Zinc mwaka 1929. Unafuata forma vizuri, kila herufi na kila mstari unatoka safi, kwa hiyo Wamarekani waliutumia kila mahali: vishikio vya milango, fremu za taa, nembo, kashe. Shida ni kwamba zinki peke yake inachakaa haraka. Basi inavishwa shaba kwanza, kwa sababu shaba inashika vizuri na inalainisha uso. Juu ya shaba inakuja nikeli, ambayo ndiyo hasa inayozuia maji. Kromu inakuja mwisho, ngozi nyembamba sana ya kung'aa isiyochubuka ovyo. Kromu ina vitundu usivyoviona kwa macho. Unyevu ukipita hapo na kupenya nikeli, zinki inaanza kuvimba chini, na uso unatoa malengelenge. Ukiona vidonda hivyo usijaribu kuvisugua viishe. Havitaisha, utamaliza kromu iliyobaki. Karatasi ya alumini iliyolowa maji inatosha kuondoa uchafu wa juu, basi.

Nilimwonyesha kijana ile kona. Shaba, na chini yake zinki. Kipushi iko kilomita kama 30 kutoka hapa: mgodi ulifunguliwa 1924, ukasimama 1993, ukaanza tena kutoa zinki mwaka 2024. Sisemi kashe hii ilitoka Kipushi, hakuna anayeweza kufuatilia hilo. Nasema tu kwamba mtu wa Lubumbashi anayetaka kutupa kipande cha zinki na shaba ili aweke plastiki ya Kichina anipe sababu nzuri kuliko kuchekwa na rafiki zake.

Nyuma ya kashe palikuwa safi kabisa. Hakuna waya iliyokatwa, hakuna alama ya bano lililowahi kushika redio. Nikatoka nje nikapapasa mabawa ya mbele, yale mabati yanayofunika magurudumu, kwa chini, upande wa ndani: hakuna tundu la antene, wala tundu lililozibwa. Motoka hii haikuwahi kuwa na redio hata siku moja. Miaka 70! Kwa fundi, hilo ni jambo la kuvua kofia.

Huo mkono wa chini ya bawa ndio unaotumiwa na wanaonunua motoka za zamani. Zamani motoka isiyo na redio ilikuwa ya mtu bahili au ya kampuni. Leo, kwa baadhi ya aina, ni ya thamani zaidi, hasa zile za mashindano, na penye thamani wajanja hawakosi: mtu anang'oa redio, ananunua kashe mpya ya nakala, anasema ilitoka kiwandani hivi. Lakini bawa linamshitaki. Kwenye Corvette kuna ushahidi mtamu zaidi, na huu ni wa mafundi umeme. Bodi ya Corvette ni faibaglasi, si chuma, kwa hiyo haizuii kelele za umeme wa plagi kufika kwenye redio. Kiwanda kiliweka vifuniko vya chuma juu ya distribyuta (kigawa umeme wa plagi) na nyaya za plagi ili redio isilie kama nyuki. Corvette iliyotoka bila redio haikuhitaji vifuniko hivyo, haikuwekewa. Mtu anaweza kubadilisha kashe, akasahau injini.

Kuna Corvette moja ambayo kukosa kulikuwa lazima. Mwaka 1967 Chevrolet walitoa injini ya L88 kwa watu wa mashindano, na ukiiagiza, hupati redio, hupati hita. Kiwanda kiliandika nguvu 430, kila mtu alijua ni zaidi ya 500. Hawakutaka kijana wa mjini aichukue kwenda sokoni, kwa hiyo walimnyima joto na muziki. Zilitengenezwa 20 tu mwaka huo. Ford nao, mwaka 1993, walitoa Mustang Cobra R, motoka 107 tu, bila redio, bila kipoza hewa, bila kiti cha nyuma, wepesi kwa ajili ya mbio. Kiti kinaeleweka, ni kizito. Kwa redio nadhani walitaka tu kuonyesha kwamba hawataniwi.

Hita inataka neno lake, kwa sababu Chevrolet ya muzee haina hiyo pia. Kwenye ukuta kati ya injini na abiria kuna kibati kingine, hakina urembo wowote, kimefunga mahali ambapo mipira ya maji moto ingepita. Ulaya Mbelgiji asingethubutu. Huku labda alifikiri Afrika ni joto tu. Hajawahi kuamka saa kumi na moja asubuhi mwezi wa saba hapa kwetu, mita kama 1,200 juu ya bahari, pumzi ikitoka na moshi. Muzee anaendesha na koti la reli lililofungwa mpaka shingoni. Wakati wa mvua kioo kinajaa ukungu, na dawa yake ni kitambaa kilichokunjwa juu ya tablo. Marekani wenyewe walilimaliza jambo hilo kwa sheria: kuanzia tarehe 1 Januari 1968, motoka ya abiria ilitakiwa iwe na mfumo wa kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele, na kashe za hita zikaisha karibu mara moja. Kashe za redio ziliendelea miaka mingi, kwa sababu hakuna aliyekufa kwa kukosa muziki.

Kijana hakuchoka. Akatafuta kwenye simu, akapata redio ya asili ya Chevrolet 1955 inauzwa Marekani. "Hii itakuwa sawa, Ya Fundi? Hakuna kukata." Ni kweli, hakuna kukata. Lakini redio ile ni ya AM, na ya lampu, zile chupa za kioo zilizotumika kabla ya transista. Ndani yake kuna kifaa kinachotetemeka ili kuikatakata volti 12 iweze kupandishwa mpaka volti mia na zaidi, maana lampu hazili volti ndogo. Inachukua muda kupata moto kabla haijasema neno. Redio ya kwanza ya motoka yenye transista tupu ilitoka kwa Chrysler na Philco kwa motoka za 1956, kwa dola 150, pesa ya matajiri. Utalipa usafiri, utalipa ushuru, utaweka redio nzuri sana ya kusikiliza mikwaruzo. Okapi wako FM.

Bahati yetu ni kwamba 1955 ndio mwaka Chevrolet walihama kutoka volti 6 kwenda 12. Ingekuwa ya 1954 ningeanza na hesabu nyingine kabisa. Lakini inachaji kwa dinamo, si altaneta, na dinamo ikiwa injini inazunguka polepole haitoi kitu cha maana. Ukikwama kwenye foleni ya avenyu Lumumba na taa zimewashwa, skrini ya inchi kumi na amplifaya yake vitakula batri mpaka motoka izime. Hilo pia nilimwambia kijana, na kwa mara ya kwanza alinyamaza.

Nilichofanya ni hiki. Upande wa abiria, tablo ya 1955 ina umbo la kipepeo cha kupepea moto, linalofanana na lile la geji za dereva, na ndipo spika ya redio inapokaa nyuma ya wavu. Wavu upo hata kama redio haipo. Nikaweka spika ndogo nyuma yake, nimeishika kwa matundu yaliyokuwepo, bila kutoboa. Kipokezi cha FM kidogo chenye Bluetooth kiko ndani ya kabati la glavu, kwenye kibao cha mbao kinachotoka kwa mkono. Waya wa moto unatoka kwenye swichi ya ufunguo, na fyuzi yake ya ampea 3 iko karibu na chanzo, si karibu na redio, tafadhalini mafundi wenzangu. Antene ni waya wa sentimita 75, robo ya wimbi la MHz 100, umepita chini ya mpira wa kioo cha mbele na kupanda na nguzo. Ndani ya bodi ya chuma haungepata kitu, pale pembeni ya kioo unapata mjini kote. Vyote vinatoka kwa turnevis moja, na kashe imerudi mahali pake. Skrubu moja haikuwepo tangu zamani. Nimeweka yenye kichwa bapa cha mfereji mmoja. Ya msalaba niliyokuwa nayo mkononi ingeonekana haraka.

Tulijaribu asubuhi wakati wa habari. Sauti si kubwa, ni ya spika moja, inatoka upande wa abiria kana kwamba kuna mtu amekaa pale anasoma gazeti. Muzee akasema imetosha. Akauliza bei, nikamtajia, akapunguza, nikakubali, ndivyo inavyokwenda.

Kijana alikuwa bado kwenye RAV4 yake, mlango wazi. Alikuwa amegundua vile vifuniko vya plastiki kushoto na kulia kwa usukani, vitano, ambavyo amekaa navyo tangu ainunue bila kuviona. Kila kimoja ni swichi ambayo Mjapani wa kwanza hakuilipia. "Ya Fundi, hizi pia ni kashe?" Nikamwambia ndiyo, na ni za plastiki, hizo naruhusu kutoa. Sasa anataka swichi tano na kitu cha kuwasha kwa kila swichi. Nimemwambia alete pesa ya mbili kwanza.